Chupa Isiyo na Jina

Tusizunguke: mjinga wa siku ile alikuwa Gantig. Alijaribu kumsingizia kila mtu, hata kalamu, lakini mjinga alikuwa yeye.

Asubuhi yenyewe ilianza kama nyingine zote. Gantig, mvulana wa miaka kumi na mitatu, aliamka hemani, akawasha jiko kwa mavi makavu ya ng'ombe, akateka maji, kisha akatoka kumsugua mgongo mwanafarasi wake wa kahawia. Aliporudi, chai ya maziwa na chumvi ilikuwa tayari. Bibi yake hakuigusa. Macho yake yalikuwa yamegeuka manjano, na chakula chote kilimtia kichefuchefu.

Daktari wa zahanati alikuwa amemtoboa kidole, akasema kirusi cha homa ya ini aina ya C kimewahi kuingia mwilini mwake. Sasa kilitakiwa kipimo cha pili, cha kuonyesha kama kirusi bado kimo damuni. Bila majibu hayo, hapewi dawa. Kipimo hicho kilifanywa kwenye maabara ya mkoa kwa pesa za nchi ile, tugrik elfu tisini. Bibi alizipata kwa kuchana na kuuza sufu ya mbuzi tangu baridi ilipopungua, magoti chini, kitana mkononi, hadi mgongo ukagoma kunyooka.

Siku hiyo zahanati ilijaa wafugaji. Nesi Tungaa alitoa damu ya Bibi, akamkabidhi Gantig kalamu.

"Wewe si ndiye mwenye hati nzuri shuleni? Mwandikie bibi yako fomu na karatasi ya chupa. Jina la baba yake, jina lake, namba ya kitambulisho. Vyote!"

Huko nje wenzake walikuwa wakishindana mieleka vumbini. "Gantig!" mmoja alipaza sauti. "Unakuja, au bado unanyonya?"

Gantig aliandika neno moja kwenye fomu, akaliandika tena kwenye chupa: Nergui.

"Umejaza vyote?" Nesi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Vyote, dada," alijibu, mguu mmoja ukiwa tayari mlangoni. Akakimbilia mieleka, akabwagwa mara mbili.

Nergui ndilo jina la Bibi, na maana yake ni "Hana Jina." Ndugu zake watatu walikufa wachanga kabla yeye hajazaliwa. Wazazi wakampa jina hilo makusudi, ili kifo kikipita kuuliza kuna nani humu hemani, kiambiwe hakuna mwenye jina, kiende zake. Wengi wa huko wameitwa hivyo. Kwa Bibi, kifo kilidanganyika. Bahati mbaya, na maabara ilidanganyika.

Wiki mbili baadaye, Baba, aliyeitwa Chuluun, aliwapakia wote wawili kwenye pikipiki kwenda kuchukua majibu. Nesi Tungaa alifungua bahasha, akasoma, uso ukamshuka.

"'Chupa moja haina jina. Imetupwa. Mgonjwa alipe upya.'"

Baba alipiga meza. "Imetupwa? Damu ya mama yangu imekuwa maji ya kuoshea sufuria?"

"Kaka, usinipigie meza. Fomu hii hapa. Imeandikwa 'Nergui,' basi. Hakuna jina la baba, hakuna namba. Wale wa mkoani wamedhani wanaarifiwa kwamba chupa haina jina!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Mzee mmoja alijifuta machozi. "Nergui guai," alimwambia Bibi, kwa neno la kuheshimu wazee, "hata ugonjwa wako umekosa mwenyewe!"

Gantig alichemka. Alisema maabara ni ya wazembe. Akasema dereva wa gari la sampuli hakuuliza. Akasema kalamu iliishiwa wino. Akasema Nesi mwenyewe angekagua.

Bibi alimgeukia taratibu. "Mwanangu, uliandika vyote?"

Kicheko kilikatika. Gantig alitazama viatu vyake. "Hapana, Bibi. Nilidanganya. Nilikuwa nawahi mieleka."

"Ulishinda?"

"Nilibwagwa mara mbili."

"Basi familia hii imebwagwa mara tatu," alisema Bibi, akakunja mkono wa joho lake.

Nesi alimwamuru Gantig amshike Bibi mkono. Mishipa ilikuwa imenywea. Sindano iliingia, ikatoka kavu. Ikaingia tena, ikatoka kavu. Mara ya tatu ndipo damu ilipokuja, nzito, kwa kusitasita. Bibi hakulia, aliuma ukosi wa joho. Aliyetokwa na machozi ni yule mwanamieleka. Safari hii aliandika herufi moja moja, Nergui binti wa Luvsan, na namba yote, akaisoma mara tatu kwa sauti.

Ilibaki bei. Mbuzi walikwisha kuchanwa, na sufu haioti kwa kuombwa. Baba alipekua mifuko, akaibua nusu ya sigara.

"Uza farasi wangu," Gantig alisema kabla ya kuulizwa.

Mchuuzi wa farasi alimkagua mwanafarasi meno, akauliza ni nini kinawaharakisha. Baba, kwa uchungu, alimwambia ukweli. Mchuuzi akatabasamu, akatoa elfu tisini, thamani ya miguu miwili tu ya farasi yule.

"Huo ni wizi!" Gantig alifoka.

"Mwenye haraka hauzi, kijana. Hutupa." Lori likaondoka, mwanafarasi akilia ndani yake.

Majibu yalirudi na jina kamili: kirusi kilikuwamo, tena tele. Bibi alianza dawa, kidonge kila siku kwa miezi mitatu, na baridi ya kwanza ya vuli ilimkuta na macho meupe na hamu ya kula. Daktari alisema kirusi kimekwisha, ila makovu kwenye ini yatabaki.

Siku moja mtoto wa mchuuzi alipita mbele ya hema juu ya farasi wa kahawia, amejinyoosha kama mfalme. Gantig aliingia ndani akiubamiza mlango.

"Nilipuuza jina moja na namba tu," alilalamika. "Tumelipa farasi mzima! Bei gani hiyo?"

Bibi alikuwa akikanda unga. Hakuacha kukanda.

"Hiyo ilikuwa bei ya punguzo, mjukuu wangu. Bei kamili ilikuwa mimi."