Aliyeshika Geti

Sauti ilitangulia.

Haikuwa ngurumo. Ulikuwa mvumo mzito, laini, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Luseno aliusikia akiwa amejibanza kando ya geti la mabati huko Komarock, Glock 19 ikiwa chini ya jaketi. Silinda sita, sikio lake likamwambia. Tena mpya.

Redio ikakwaruza sikioni.

"Mwewe, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Amolo, mkuu wake katika Idara ya ujasusi.

"Getini."

"Mtambo wa kuvuruga mawimbi ya ndege uliingizwa kwenye gereji hiyo juzi. Ukiwashwa chini ya njia ya ndege, rubani anapotea akiwa anatua. Ndege ya wajumbe wa mkutano wa amani inatua leo jioni. Kuna wageni wamelipa isifike salama."

"Mwenye gereji?"

"Mahad. Fundi wa viti vya pikipiki. Mkamate."

Geti likafunguka.

Ikatoka pikipiki nyeusi ya safari ndefu. Masanduku ubavuni. Kioo kirefu kinachopanda na kushuka chenyewe. Nyuma, kiti cha abiria chenye mgongo na mikono, kama kochi la sebuleni. Aliyeiendesha alivaa koti la ngozi na kofia ya bei. Upepo ukalisukuma geti kumrudia.

"Niaje, bro. Nishikie geti kidogo, hii kitu ni nzito."

Luseno akalishika. Kwa mikono miwili.

"Hiyo ni mashine," akasema. Hakuweza kujizuia.

"Wacha tu. Injini wameirekebisha haitetemeki, unaweka chai juu ya tangi na haimwagiki. Dainamo inaweza kuwasha taa za ploti nzima. Feni inapeleka joto chini, haikuchomi mapaja kama zile za zamani. Na hapa nyuma," akakipigapiga kiti, "mtu wangu anapashwa moto mgongo mpaka makalio."

"Unaishi raha."

"Tunajaribu. Naitwa Wachira, nazungusha watalii. Ukitaka safari, niulizie."

Akaondoka. Luseno alimtazama kwa wivu hadi alipokunja kona. Kisha akachomoa bastola, akaingia kumtafuta adui.

Aliupiga teke mlango wa nyumba iliyoungana na gereji.

Ndani kulikuwa na udi, sinia za halua, na wazee wenye ndevu za hina walioketi juu ya mazulia. Walikuwa wamekuja kumposa Bilan, binti wa nyumba hiyo. Mmoja alikuwa na sambusa mkononi. Iliganda katikati ya njia.

"Mikono juu. Nani Mahad?"

Mwenye nyumba akasimama. Alivaa koti la suti juu ya kikoi, siku ya heshima yake.

"Ni mimi, kijana. Vua viatu, uketi. Chai ipo."

Luseno hakuvua viatu. Alivuka mazulia na tope lake, akamgeuza mzee, akamfunga pingu mbele ya watu.

"Mtambo uko wapi?"

"Mtambo gani?"

"Usinichezee. Mmetumwa na nani?"

"Mmetumwa?" Mahad aligeuza shingo kumtazama. "Sisi akina nani?"

Luseno akapindua zulia la kwanza.

Mzee Muse, ami yake bwana harusi, akaokota fimbo yake. Aliongea polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mahad, tutaonana siku nyingine."

Wakatoka mmoja baada ya mwingine, wakainama kuvaa viatu mlangoni. Pazia la chumba cha ndani, alikokuwa Bilan, lilitikisika. Khadro, mke wa Mahad, alisimama mbele ya pazia hilo kama ukuta. Kila aliyebaki alijua siku hiyo nyingine haipo kwenye kalenda yoyote.

Luseno akaipekua gereji. Akachana sponji. Akakata ngozi zilizoviringishwa. Akamwaga makopo ya gundi na misumari.

Hakuna kitu.

Akarudi sebuleni, jasho likimtoka.

"Umetengeneza nini wiki hii?"

"Kiti cha yule aliyetoka sasa hivi. Nilimwambia achukue pikipiki mwenyewe, nina wageni. Alileta sanduku lake la chuma, akasema ni la kupasha joto, nisiliguse, nishonee ngozi juu yake. Nikamwambia ni zito mno kwa makalio ya mtu mmoja. Akacheka."

Luseno akageuka kulitazama geti.

Dainamo ya kuwasha ploti nzima, kwa sababu mtambo una njaa ya umeme. Injini isiyotetemeka, kwa sababu mtambo ni mwepesi kuvunjika. Feni, kwa sababu mtambo unachemka. Raha yote ile ilikuwa ya sanduku. Wachira alimweleza kila kitu kwa mdomo wake, getini, naye akasikiliza kama mtoto dukani.

Idara ilikuwa sahihi kuhusu gereji. Lakini jina la Kisomali lilipotajwa, Luseno aliacha kufikiri. Mtambo ulipita mbele ya pua yake, naye akaufungulia njia.

Akafungua pingu. Akajiambia hana muda wa kusema neno.

Muda ulikuwepo.

"Kituo, ni pikipiki. Nyeusi, kubwa, kiti kama kochi. Mtambo uko kwenye kiti."

"Umejuaje?"

"Tafuta, Amolo."

Pikipiki yake ndogo, Boxer, ilikuwa chini ya mti wa jirani. Akaipiga kiki. Ikakohoa, ikawaka, ikaanza kumtikisa meno. Akaingia Kangundo Road, akapita kati ya lori na ukuta, magoti yamebana tangi.

"Kamera imeiona Outering," Amolo akasema. "Inaelekea Tassia. Ndege imeanza kushuka."

Luseno akakata kushoto.

Kwenye steji ya kwanza akapunguza mwendo. "Mmeona pikipiki kubwa?"

"Ile ng'ombe yenye mimba?" bodaboda mmoja akamjibu. "Imeingia hapo kwa maghorofa. Itakwama, bro. Hiyo njia hata mkokoteni hupita ukiomba."

Ilikuwa imekwama.

Njia ilikuwa nyembamba, ghorofa kulia, ghorofa kushoto, nguo zikining'inia kutoka roshani hadi roshani. Pikipiki ilikuwa imesimama mbele, masanduku yakisugua kuta, gurudumu kwenye tope la mfereji. Injini ilinguruma chini chini. Kutoka kwenye kiti cha abiria ulitoka mlio mwingine, mwembamba, kama mbu.

Mtambo ulikuwa umewashwa.

Wachira akageuka. Alipomwona, akatabasamu.

"Wewe si wa geti? Asante tena."

Akabonyeza kitufe. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma.

Luseno hakujua kwamba pikipiki inaweza kuwa na rivasi. Chuma chote kile kilimjia kinyumenyume, kikasukuma Boxer, kikaibana ukutani. Yeye aliruka. Akaangukia juu ya kiti cha abiria, mgongo wa kiti ukawa mbele ya uso wake, laini kama alivyoahidiwa.

Mkono wa Wachira ukatoka na bastola.

Luseno akaukamata. Akaubamiza kwenye kioo kirefu. Mara moja. Mara mbili. Bastola ikaanguka mferejini. Kiwiko chake kikampata Wachira chini ya kofia, na mtu wa watalii akalegea juu ya usukani.

Juu, mbali, ndege.

Akatoa kisu. Akachoma ngozi, akavuta. Haikuchanika. Mshono ulikuwa mara mbili, umebana, umenyooka. Aliyeushona hakuwa na kitu cha kuficha. Alikuwa anataka mteja arudi. Luseno alisaga meno, akakata uzi kwa uzi, kila uzi ukimkumbusha mzee aliyemfunga pingu.

Ndege ikakaribia. Madirisha yakaanza kutetemeka.

Ngozi ikaachia. Akaingiza mkono, akagusa chuma cha moto, akapata waya wenye unene wa kidole gumba. Akauzungusha kiganjani.

Akauvuta.

Mbu akanyamaza.

Ndege ikapita juu ya Tassia, tumbo lake likionekana kati ya mashuka na sare za shule, taa zikiwaka, magurudumu yametoka, imenyooka. Mwanamke mmoja kwenye roshani aliendelea kuanua nguo.

Amolo alipiga simu maafisa walipokuwa wakimfunga Wachira.

"Imetua. Kazi safi, Luseno."

"Naenda Komarock."

"Kufanya nini?"

"Nilimfunga mzee pingu mbele ya wakwe zake."

"Ulimwachia. Imeisha. Hakuna mtu aliyefika Komarock leo. Idara haiombi msamaha kwa sababu Idara haipo. Ukijitaja, hata mimi sitakujua."

Akakata simu. Luseno akajifuta tope, akavuka umati bila kugeuka, mkono ulioungua ndani ya mfuko. Waliomwona walidhani ni mtu asiye na wasiwasi.

Mlango wa Mahad ulikuwa umeegeshwa kwa kiti. Komeo Luseno alikuwa amelivunja kwa teke. Safari hii alivua viatu nje, majirani wakimchungulia. Bilan alikuwa akirudisha halua kwenye makopo. Mahad aliketi penye zulia lililorudishwa mahali pake.

"Umesahau nini?" Bilan aliuliza. "Kuna zulia moja hujalipindua, lile la chumbani."

"Bilan," baba yake akasema.

"Acha nimwonyeshe, baba. Asije akapotea tena."

Luseno alibaki amesimama. Macho yake hayakupanda juu ya magoti ya mzee.

"Nilikosea, mzee. Yule mteja ndiye tuliyekuwa tukimtafuta. Nilimshikia geti akatoka. Kisha nikaja kukufunga wewe. Naomba unisamehe."

Mahad alisugua kifundo cha mkono.

"Humu sebuleni tuko watatu tu, kijana. Uliponifunga, chumba kilikuwa kimejaa. Muse amefika kwake sasa. Anawaambia watu alichokiona, na hasemi uongo. Mimi niseme nini? Kwamba umekuja jioni, ukaninong'oneza?"

"Watu wangu wamenikataza kujitaja."

"Basi nenda. Umeshasema."

Bilan alifunga kopo. Hakuwa analia. Alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikiharibu nguo zilizoanikwa.

Luseno aliivuta redio kutoka sikioni, akaitia mfukoni. Uso wake uliwaka kuliko kiganja. Akapiga magoti, akawa sawa na macho ya mzee, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akayatazama.

"Naitwa Luseno Mulama," akasema kwa sauti, hata majirani waliosogea mlangoni wakasikia. "Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nitasimama mbele ya Mzee Muse na wote waliokuwa hapa. Nitawatajia jina langu na kazi yangu. Nitawaambia Mahad hana doa, na kwamba mwenye doa ni mimi. Nakuahidi, mzee. Na wewe, Bilan, nakuahidi."