Gunia la Nyasi

Harufu ya ngozi mbichi ilianza Jumanne saa nne asubuhi, jua likiwaka mtaa wote wa Free Area. Kiprotich akamwambia bintiye Kimberly kwamba ni mtaro umeziba. Uongo mtupu! Alijua harufu imetoka wapi.

Huyu Kiprotich alikusanya wanyama wa kale, wale waliokaushwa na kujazwa majani makavu enzi za walowezi. Swara, bundi, kichwa cha nyati, vyote sebuleni. Mimi sina ugomvi na anachopenda mtu. Lakini mwezi uliopita alileta fisi mzima kutoka nyumba moja ya zamani kule Rongai, na fisi ndiye mnyama wa ukoo wao. Mtu wa ukoo ule hamgusi fisi kwa mchezo. Akimkuta amekufa, humzika kama ndugu.

Mama yake, Cheptanui, ambaye Kimberly humwita kogo, alishuka kutoka Olenguruone akamwambia amzike. Kiprotich akaitikia haraka, kisha akaingiwa na tamaa. Fisi wa karibu miaka mia utampata wapi tena? Akamficha stoo, akashindilia nyasi kwenye gunia na kulizika nyuma ya nyumba, mama yake akiombea. Mtu mzima na akili zake, anamdanganya mama na ardhi siku moja.

Baada ya harufu ikaja mikwaruzo chini ya sakafu, mchana kweupe. Kimberly akasema kuna mtu anamwita kutoka udongoni, kwa jina lake lote. Pasta akaja, akakatiza maombi katikati, akasema kwa sauti ya chini kwamba hapa kuna jini na limeletwa na mwenye nyumba, akaondoka bila chai. Na tangu saa ile mwito ukamwacha mtoto ukamgeukia Cheptanui, akawa anakohoa na kutema nyasi kavu, anapungua, anapungua, huku Kiprotich akimpangusa mdomo na kukwepa macho yake, kila siku akiapa kusema ukweli na kila siku akiumeza, mpaka aibu ikawa inamnyima hata chakula.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, adhuhuri, akapiga magoti kando ya kitanda cha mama yake.

"Mama, sikumzika. Nilizika nyasi."

"Najua," Cheptanui akanong'ona. "Nilikusaidia kubeba. Gunia lilikuwa jepesi."

"Na ukanyamaza?"

"Nilingoja useme mwenyewe. Kaburi likichimbwa haliachwi tupu, Kip. Lilianza kumwita mtoto. Nikaliambia linichukue mimi."

Kiprotich alitoka mbio, akamtoa yule fisi stoo akiwa amemkumbatia, akachimba kwa jembe na kwa kucha, akilia na kuomba msamaha, hadi akalifikia gunia. Akalishika alitoe ampishe fisi. Halikusogea. Akavuta kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kama mtu mzima.

Ndani ya nyumba Kimberly alikuwa akimwita kogo, na kogo haitiki.