Kamba za Mgomba

Yaliyompata Namubiru wa Akalla, kitongoji cha Stockholm, mwaka wa themanini na saba, rafiki yake Jerioth huyasimulia kwa sauti ya chini. Namubiru alikuwa amesafirisha maiti ya mumewe, Matia, akamzika kwao Masaka, Uganda, kwenye migomba ya ukoo. Akarudi Stockholm bila kulia. Alikwenda kazini tu, na jioni akamwagilia maboga ya marehemu bustanini.

Lakini kila boga lilifika ukubwa wa kidole gumba, likageuka njano, likaanguka. Jerioth akaja kuyakagua.

"Shina zima, mdudu hakuna," alisema. "Ua jike halipati chavua, dada. Baridi hii nyuki hawatoki. Alfajiri chuma ua dume, ulipake ndani ya jike, kisha ulifunge kwa uzi mvua isiingie."

"Hiyo ilikuwa kazi ya Matia," alijibu Namubiru, bila kuinua macho.

Kesho yake alibeba uzi, kungali giza, ukungu umetanda. Bustanini akasikia mvumo mzito, kama mtu anayeimba kafumba mdomo. Alipogusa lango, ukakoma. Akapapasa ua la kwanza, la pili, yote. Yalikuwa yamekwisha kufungwa, si kwa uzi bali kwa kamba za mgomba, mbichi, zikimdondoshea utomvu vidoleni.