Chipu Iliyonyimwa Usingizi

Asubuhi ya Nyarugusu huanza na mlio wa makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Dorika hufagia uwanja, huosha vikombe vya chai, kisha huchukua kitambaa laini na kupangusa meza ya studio ya mama yake mdogo, Sesilia. Vumbi la mawe huingia hata kwenye chumba kilichofungwa, kwa hiyo kazi hiyo hairukwi hata siku moja.

Sesilia ni binti yangu wa mwisho, na watu humwita Mama Marcel. Katika chumba cha mbele cha nyumba yetu anahariri video za harusi na za kipaimara, kwa kompyuta mpakato moja nyeusi anayoitunza kama mtoto mchanga. Tangu Dorika aingie darasa la sita, ufunguo wa studio unakaa kwake.

"Ufunguo huu ni wa kufagilia, siyo wa kuchezea," Sesilia alimwambia.

"Sawa, mama mdogo."

Siku moja Sesilia alikwenda Geita mjini. Frank, jirani anayesoma darasa moja na Dorika, akaja na flashi mfukoni. Ndani yake kulikuwa na gemu la mbio za magari. Dorika alikataa. Frank akamcheka, "Mwenye ufunguo anaogopa mlango!" Basi Dorika akafungua mlango.

Gemu liliwaka, lakini magari yalikuwa yakigandaganda.

"Laptop yenu inatumia chipu ndogo," Frank alisema, kama fundi wa miaka mingi. "Kaka alinionyesha. Humu kuna chipu mbili za kuchora picha. Iambie itumie kubwa kwa kila kitu."

"Haitaharibika?"

"Iharibike nini? Kule karashani baba anavunja mawe kwa injini kubwa. Nani anataka ndogo?"

Dorika akafungua mipangilio. Palikuwa na machaguo mawili: kompyuta ijichagulie chipu yenyewe, au itumie ile kubwa wakati wote. Akabonyeza la pili. Magari yakaanza kuteleza vizuri, nao wakacheza hadi waliposikia pikipiki ikisimama nje. Frank alichomoa flashi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mpangilio ukabaki vilevile.

Kwa kuwa pale nyumbani kompyuta ilikuwa kwenye umeme muda wote, hakuna aliyejua. Ila feni yake ilianza kunguruma, na siku moja Sesilia aliigusa kompyuta, akashtuka.

"Mbona inachemka kama sufuria ya uji? Na fundi Masudi ametoka kuisafisha juzi tu!"

Dorika alisikia. Akainama, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Kazi kubwa ya Sesilia wakati ule ilikuwa video ya kwaya ya kigango chetu, kanisa letu dogo la Kikatoliki. Nyimbo nane, na mimi mwenyewe ni mmoja wa waimbaji. Uzinduzi ulikuwa Jumapili, na kabla yake kamati ilitaka kuiona yote. Alhamisi jioni tukakusanyika kigangoni, ambako umeme haujafika. Sesilia hakuwa na wasiwasi, maana siku zote betri yake ilionyesha video kwa saa tatu bila shida. Tukiwasubiri waliochelewa, akatuonyesha picha za safari moja ya kwaya, tukachekana. Kisha nyimbo zikaanza. Feni ikavuma kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Katikati ya wimbo wa tatu, kioo kikawa cheusi; betri ilikuwa imekwisha.

Mzee Telesphori, mwenyekiti wa kwaya, alikuna kidevu. "Mama Marcel, yupo kijana mmoja wa Geita mjini aliyeomba kazi hii. Tukakupa wewe kwa sababu ni wa hapa. Kesho jioni tusipoiona hadi mwisho, tutampa yeye."

Sesilia hakulala vizuri. Dorika naye alijigeuzageuza kando yangu. Nilimuuliza anaumwa wapi, akasema haumwi.

Ijumaa asubuhi Sesilia aliibeba kompyuta hadi kwenye kibanda cha Masudi, fundi wa simu na kompyuta. Dorika alibeba waya wa chaji. Mimi nilifuata nyuma kwa mwendo wangu, maana nilimwona binti yangu amefura.

"Masudi!" alianza kabla hata ya salamu. "Umenitolea betri nzima ukaniwekea mbovu!"

"Karibu kwanza, Mama Marcel. Mimi nilipuliza vumbi kwenye feni tu. Betri sikuigusa."

"Usinidanganye! Mwizi wa mchana wewe!"

Madereva wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria wakasogea. "Fundi, rudisha betri ya mama wa watu!" mmoja akapayuka, wenzake wakacheka.

Mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa ameleta simu yake akanyoosha mkono. "Naomba simu yangu. Nitaipeleka kwingine."

Masudi akampa. Yule mama akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akapanda pikipiki, akaenda zake. Mikono ya Masudi ilibaki juu ya meza, haijui ishike nini. Dorika aliiona mikono ile. Aliponisimulia baadaye alisema hapo ndipo alipoona lazima aseme.

"Mama mdogo, siyo fundi. Ni mimi."

Akasema yote: ufunguo, gemu, chaguo alilobonyeza. Hakumtanguliza Frank ili kujificha nyuma yake. Sesilia akamgeukia kwa hasira. Nilimshika bega. "Msikilize kwanza fundi," nikamwambia.

Masudi alichomeka waya wa chaji, akavuta kigoda. "Kaa hapa, Dorika. Uliyebadilisha ndiye atakayerudisha. Lakini kwanza ujue ulichokifanya." Akagusa kompyuta kwa ncha ya bisibisi. "Chipu ndogo ya picha imo ndani ya chipu kuu, na inakula umeme kidogo. Ukiandika au ukitazama video, inatosha kabisa. Chipu kubwa imejitenga, ina kumbukumbu yake, ina nguvu, lakini inakula umeme na inatoa joto. Kompyuta huiamsha kwenye kazi nzito, kisha huiacha ilale. Wewe umeinyima usingizi."

"Frank alisema injini kubwa ndiyo nzuri," Dorika alinong'ona.

"Ni nzuri kwa kuvunja mawe. Baba yake Frank huwasha karasha ili achaji simu?"

Madereva wakacheka, hata Dorika akatabasamu kidogo. Akafungua mipangilio, akarudisha chaguo la kompyuta kujichagulia yenyewe.

"Na ninapohariri?" Sesilia aliuliza, sauti imeshuka.

"Programu ya kuhariri peke yake tutaiwekea kubwa, kwa maana ile ni kazi nzito kweli."

Haukupita muda, feni ikatulia. Sesilia aliweka kiganja chini ya kompyuta, akakiacha hapo. Kisha akawageukia madereva.

"Jamani, nimemwita Masudi mwizi mbele yenu. Siyo mwizi. Nimekosa. Masudi, ndugu yangu, nisamehe."

"Yameisha, Mama Marcel," Masudi alijibu, ingawa macho yake yalikuwa barabarani, kule pikipiki ilikoelekea.

Jioni tulirudi kigangoni. Nyimbo zote nane zilichezwa, na betri ilikuwa bado na zaidi ya nusu. Katika wimbo wa sita nilijiona kilemba kimeniteleza hadi kwenye nyusi nami naimba tu. Kamati nzima ilinicheka.

"Wabeja, Mama Marcel," Mzee Telesphori alishukuru kwa Kisukuma. "Jumapili tunazindua."

Tukiwa njiani kurudi, Dorika alinyoosha ufunguo wa studio. "Chukua, mama mdogo. Sistahili kukaa nao."

Sesilia aliupokea. "Nitakurudishia, lakini siyo wiki hii. Ukitaka kujifunza kompyuta, Jumamosi njoo nikufundishe kuhariri, mimi nikiwepo." Kisha akaongeza, "Kilichoniuma si gemu. Ulijua tangu siku ile nilipouliza joto latoka wapi, ukanyamaza. Mpangilio umeurudisha kwa kubonyeza tu. Jina la Masudi halina pa kubonyeza. Mimi nililichafua kwa hasira bila kuuliza, wewe kwa kunyamaza. Mtu akikosea, aseme mapema, kabla mwingine hajalipia."

Dorika alitembea akitazama vidole vya miguu yake.

"Yule mama wa dagaa," alisema hatimaye, "aliondoka kabla sijasema. Bado anajua fundi ni mwizi."

"Ndiyo," Sesilia alijibu. "Bado."

"Namfahamu. Anapanga dagaa wake karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Kesho asubuhi nitakwenda kumwambia."

"Tutakwenda wote wawili," Sesilia alisema, akamshika mkono.

Nikawaambia waende mapema, kwa sababu siku za Jumamosi dagaa huisha haraka.