Kisima cha Kati

Meza ya pembeni ilikuwa tupu.

Daktari wa meno ndiye aliyegundua, saa tatu na nusu asubuhi ya Jumamosi, alipofungua chumba cha wacheza michezo ya mezani kilichoko juu ya duka la fundi cherehani. Alikuja mapema kupanga viti, maana jioni ile wanachama walikuwa wachague mchezo wao wa mwaka, kama kawaida yao, kwa ubishi mwingi na soda. Akabaki kasimama mlangoni, mkono wake wa kulia umening'inizwa shingoni kwa bandeji tangu alipoteleza bafuni, mdomo wazi kama wagonjwa wake.

Juu ya meza ile, hadi jana, palikuwa na mchezo uitwao Visima. Ubao mpana kama sinia la shughuli, kete za kijani na za manjano, vyote vimechongwa kwa mkono na mwenzao, Seremala, aliyefariki mwezi uliopita. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Na kabla ya saa kumi na moja jioni ilitakiwa iwe imefika ofisi ya Tuzo ya Mchezo wa Mwaka. Ile kubwa ya nchi nzima, siyo hii yao ya soda.

Daktari akampigia simu Afande.

Huyu Afande alikuwa mpelelezi mstaafu, mwanamke mfupi wa maneno machache. Alijiunga na chama akidhani atawanyuka wote. Kumbe yeye ndiye wa kunyukwa kila wiki. Walimtania: "Afande, wezi uliwakamataje?" Naye hujibu, "Wezi hawasomi kanuni."

Leo hakuna aliyetania. Afande aliinama chini ya meza, akatazama sakafu, akatazama ngazi moja baada ya nyingine. Kete hakuiona hata moja. Chini ya meza boksi la mchezo lilikuwepo, na ndani yake mfuko wa kitambaa wa kuwekea kete, mtupu.

"Boksi kaliacha," Daktari alisema. "Mwizi mjinga huyu."

"Na hiki kigoda kimefuata nini hapa ukutani karibu na mlango?"

"Sijui. Huwa kiko kule dirishani."

Afande aliufungua mlango, akauachia. Ulikuwa na springi. Ulijifunga wenyewe kwa kishindo. Akauegemeza kigoda. Ukatulia.

"Kitasa hakijavunjwa," alisema. "Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu, kwa Mpiga Chapa, na ule wa marehemu uko kwa mkewe." Daktari akakaa kitini. "Afande, sema tu. Mimi nina mchezo wangu kwenye tuzo hiyohiyo, na nilisema mbele za watu kwamba Visima hautafika mbali. Leo wote watanikodolea macho mimi."

"Ulisema kwa nini?"

"Wivu," Daktari alijibu, akatazama pembeni. "Ulikuwa mzuri kuliko wangu."

Mjane wa Seremala aliingia saa nne, na kanga kubwa ya kuufungia mchezo wa mumewe. Alipoiona meza akakaa chini palepale, sakafuni. Afande naye akakaa sakafuni, magoti yakilalamika.

"Dada, naomba unisamehe, lazima niulize. Wanasema uliwahi kuapa utautia moto mchezo ule."

"Niliapa mume wangu akiwa hai. Mtu akiwa hai si unamsema? Kila siku vumbi la mbao ndani ya sukari, kila siku 'mke wangu, ngoja nimalizie kisima kimoja.'" Machozi yakamtoka bila kelele. "Kule hospitali aliniambia, siku ya tuzo watasoma jina langu kwa sauti mbele za watu, nawe uwepo usikie. Hicho tu ndicho ninachokitaka. Kikombe chao wabaki nacho."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, na wakwe zangu. Lakini hebu niambie, kwa nini mliuacha mezani mwezi mzima? Si mngezikusanya kete, mkazitia boksini, nikauweka ndani kwangu?"

Daktari na Afande walitazamana. Chama kile kilikuwa na mwiko mmoja: mchezo ambao haujaisha haukunjwi. Siku ya mwisho Seremala alikuwa akicheza na rafiki yake Mpiga Chapa, chanda na pete hao, wakaahirisha. Kisha akaugua, kisha akafa. Ubao ukafunikwa kitambaa na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuufunua. Walikubaliana Mpiga Chapa ndiye atakayeukunja leo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa upande wa pili.

Mpiga Chapa mwenyewe alifika akihema, mrefu, mwembamba, macho mekundu. Alimpa mjane mkono, hakumtazama usoni.

"Pole, shemeji. Nimesikia."

"Vijitabu vya kanuni umevileta?" Afande aliuliza. "Tuzo wanataka kanuni zilizochapwa."

"Mashine imekufa tangu Jumatatu. Haigeuki kabisa. Na sasa vya nini tena, Afande? Mchezo wenyewe haupo. Tumwache marehemu apumzike."

Mjane alimkabidhi kanga aishike ili afute uso. Aliporudishiwa, kwenye ukingo mweupe palikuwa na alama ya dole gumba, ya wino mweusi, mbichi. Afande aliiona.

Chini dukani, fundi cherehani alizungumza na pini mdomoni.

"Jana jioni, kama saa kumi na moja, nilisikia mtu anashuka. Sikugeuka, nilikuwa napindisha shati la watu. Lakini alishuka taratibu mno, mguu mmoja, anatulia, mguu mwingine. Kama mtu aliyebeba uji umejaa bakuli."

"Mzito? Mwepesi?"

"Mwangalifu," fundi alisema. "Zaidi sijui."

Ilikuwa saa nane na nusu Afande alipowachukua Daktari na mjane wakaenda hadi kwenye kiwanda kidogo cha Mpiga Chapa, mtaa wa tatu. Mashine ilisikika tangu nje. Ilikuwa ikitema kadi za harusi.

"Kumbe marehemu kafufuka," Afande alisema, akiitazama mashine, halafu akajuta kulitumia neno lile mbele ya mjane.

Mpiga Chapa aliizima.

"Uko wapi?" Afande aliuliza.

"Nini?"

"Usinichoshe, kaka. Daktari ana sababu ya kuiba, lakini mkono anao mmoja. Ubao ule kwa mkono mmoja, kete zingemwagika ngazi nzima, nami sikuokota hata moja. Huyu dada hachezi. Yeye angezikusanya kete mfukoni, akatia boksini, akaondoka. Boksi limebaki. Mfuko umebaki. Mwizi aliegemeza mlango kwa kigoda kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini, akashuka kama aliyebeba uji. Alikuwa anauiba mchezo huku anachunga kete zisisogee. Sasa niambie, nani duniani anaiba hivyo? Ni mtu ambaye hata kwenye wizi hawezi kuvunja mchezo ambao haujaisha. Na mchezo ule ulikuwa wa watu wawili. Mmoja tumemzika."

Mpiga Chapa alikaa juu ya furushi la karatasi. Akaufunika uso kwa mikono yake ya wino, akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Upo nyuma ya pazia," alisema. "Sikuuharibu. Nisingeweza kuuharibu. Shemeji, una tundu."

"Tundu gani?" mjane aliuliza. "Visima si matundu yote?"

"Tundu la kanuni. Mwenye kuanza akikamata kisima cha kati, hashindwi. Ucheze utakavyo, umeshinda. Niligundua siku ile ya mwisho, tukicheza. Nilikamata cha kati nikaona mchezo umeisha kabla haujaanza, naye mwenyewe hajajua, anacheka, ananiambia majaji watapagawa. Kazi ya miaka yake yote! Nikashindwa kummaliza. Nikasema nimechoka, tutaendelea kesho." Alijipangusa, akajipaka wino zaidi. "Majaji wangeligundua mchana mmoja tu. Wangemcheka. Wangemcheka na hayupo kujitetea. Bora aitwe aliyeibiwa kuliko aitwe aliyekosea."

Daktari aliinamisha kichwa. Lakini mjane alikuwa amesimama, na sauti yake ilitoka taratibu.

"Ndiyo maana hukuja hospitali."

"Ningemwambia nini, shemeji? Nikae kitandani kwake nimdanganye?"

"Ungekuja, basi! Ungekuja ukanyamaza! Kila mlango ukifunguliwa anageuza shingo. Ni muuguzi. Ni mfagiaji. Mimi nikamwambia kuwa rafiki yake amesafiri. Nilimdanganya mume wangu kwa ajili yako, naye anakata roho."

Mpiga Chapa aliinuka, akalivuta pazia.

Afande aliusogeza ubao hadi kwenye mwanga, ukiwa bado na kitambaa chake. "Umeufunua tangu siku ile?"

"Sijathubutu."

"Na zamu ilikuwa ya nani mlipoahirisha?"

"Yake. Lakini asubuhi iliyofuata aliniletea ujumbe kwenye simu." Aliutoa, akausoma bila kuutazama, ilionekana ameusoma mara nyingi. "'Zamu yako.' Basi. Nilijua kapita chumbani akacheza. Mchana wake wakamlaza."

Afande akakitoa kitambaa.

Mpiga Chapa alitazama kwa kuibia, kama mtu anayetazama jeraha. Kisha akainama. Kisha akapiga magoti, pua karibu na kete, vidole vikifuata mifereji bila kuigusa.

"Hapana," alisema. "Haiwezekani. Kaziba kisima chake mwenyewe."

"Tufafanulie," Afande alisema. "Unanijua mimi."

"Unaziba visima vya mwenzio, Afande, ndiyo mchezo. Nani aliwahi kuziba cha kwake? Ni kutupa mali! Lakini tazama: maji ya kisima cha kati yanapita hapa, kwenye hiki chake. Kakiziba, mfereji umekatika, na kanuni inasema kisima kisicho na mfereji hukauka. Changu kimekauka. Cha kati kimekauka!" Alianza kucheka na kulia kwa pamoja. "Nilijaribu kila njia isipokuwa hii. Alijua. Aliliona tundu siku ileile, akanyamaza asinione nikihuzunika, akaenda kulala nalo, akaja asubuhi akaliziba. Halafu akaniita nije nione."

"Zamu yako," mjane alisema polepole, kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia maneno yale.

Mpiga Chapa alitafuta hatua ubaoni, kisima kwa kisima. Hakuwa na pa kwenda. Aliondoa kete yake moja ya kijani, akailaza ubavu, kama wafanyavyo wanaokubali kushindwa.

"Umenila, kaka," alisema. "Umenila kihalali."

Sasa mchezo ulikuwa umeisha, ukaweza kukunjwa. Saa kumi kasorobo. Mpiga Chapa aliiwasha mashine, akaanza kuchapa kanuni ambazo alikataa kuzichapa wiki nzima, na kila mara karatasi ilipokwama alijitukana. Daktari alikunja kurasa kwa mkono mmoja. Mjane alizihesabia kete mfukoni, akizipuliza moja moja. Wakapata gari la kukodi, likakwama nyuma ya lori la mchanga, wakashuka wakakimbia.

Geti la ofisi ya tuzo lilikuwa limefungwa. Karani alikuwa akitoka na mkoba wake. Aliwasikiliza, akaangalia saa, na alionekana mtu mwema aliyechoka.

"Mwakani, basi," Afande alisihi.

"Kazi ya marehemu hupokelewa mwaka aliofariki tu," karani alijibu. "Poleni sana. Kweli, poleni."

Mjane alilifunga fundo la kanga upya, akalikaza. "Twendeni," alisema. Mpiga Chapa alitaka kumpokea mzigo. Hakumpa.

Kule chumbani wanachama walikuwa wakisubiri. Walikuwa wamejitayarisha kubishana kuhusu mchezo upi una kadi nzuri na upi una sanaa mbaya, kama miaka yote. Afande aliwaeleza yaliyotokea, hakuficha wala hakupamba. Halafu Daktari, ambaye mchezo wake ulikuwa umeshapokelewa kule tuzoni, alisema kwamba wa mwaka ni Visima, na anayebisha asimame. Hakuna aliyesimama.

Desturi yao ni kwamba aliyecheza mwisho na mtunzi ndiye hutangaza. Wengine walinong'ona kwamba safari hii atangaze mwingine. Mjane akatikisa kichwa. "Atangaze yeye."

Mpiga Chapa alisimama, wino ungali usoni. Akalitaja jina la rafiki yake, lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti iliyokwama katikati kama karatasi ndani ya mashine.

Mjane alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, kanga na mzigo wake mapajani, macho yamefumbwa.

"Sikusikia vizuri," alisema. "Rudia."