Komeo la Nje

Shemeji yangu, mume wa dada, ni msanifu majengo, na kujisifu ndiyo kazi yake ya pili. Bweni la wasichana la chuo anachosoma bintiye alilichora yeye. Siku tuliyompeleka binti yake kuanza masomo, mchana kweupe, mimi nilibeba godoro kichwani, yeye kabeba mdomo tu.

"Ona korido ilivyonyooka. Mlezi akikaa pale mwanzo, anaona milango yote."

Alichonyamazia nilikijua. Zamani makomeo ya vyumba aliyaweka nje, ndani hakuna hata kitasa. Wasichana wasijifungie wakalala wakati wa vipindi, eti jengo lenyewe lifundishe nidhamu. Nidhamu ya mifugo, labda. Likizo moja mlezi alipita akisukuma makomeo bila kuchungulia, na chumba cha mwisho alikuwamo msichana mgonjwa, kalala. Kilichokutwa chuo kilipofunguliwa kilizikwa harakaharaka. Shemeji akaagiza makomeo yang'olewe, matundu yazibwe, rangi ipakwe. Kisha akaenda kupokea tuzo ya jengo bora. Mtu hana haya hata ya kuazima.

Binti alipangiwa chumba hichohicho cha mwisho.

Tulimwacha ndani akitandika kitanda, tukatoka kufuata ndoo zake. Mlango ukajifunga taratibu nyuma yetu. Halafu tukasikia chuma kikiteleza. Nikageuka kuangalia. Mlangoni palikuwa na rangi tupu.

"Mama mdogo," binti alinong'ona kutoka ndani, "nifungulieni."

Shemeji akasukuma kwa bega. "Mbao imevimba. Ni unyevu huo."

Mlango haukutikisika.

"Mama mdogo. Kuna mtu kitandani."

Nikapapasa mlango wote. Sikushika kitu.

"Wewe ndiye uliyeliweka," nilimwambia shemeji. "Lifungue."

"Hapo hakuna komeo."

"Anasema ana kiu," binti alinong'ona. "Ananisogelea."

Na yule bwana anaangaza korido asije akaonekana! Mwanawe anakata roho kwa hofu, yeye anaogopa kuchekwa. Nikamzaba kofi. Ndipo akanyoosha mkono. Haukupapasa. Ulikwenda moja kwa moja mahali pake, ukashika hewa, ukavuta. Chuma kikateleza tena.

Binti alitoka mbio, midomo imekauka hadi kupasuka, utadhani hajaonja maji siku nyingi. Sasa anaishi kwangu, chuo anakwenda na kurudi. Namshukuru Mungu.

Baba yake ndiye mwenye shida. Kila asubuhi dada anafagia unga wa mbao mbele ya mlango wa chumba chao. Upande wa nje yametokea matundu ya skrubu, yamepangwa vizuri kabisa. Shemeji anayaziba, yanarudi. "Mchwa," anasema. Msomi mzima. Dada kahamia sebuleni, yeye kagoma kutoka, asije akaonekana mwoga.

Jana dada hakukuta unga. Alikuta skrubu zimeshakazwa.

Nimemwambia amwekee mumewe ndoo ya maji chumbani.