Transista Aliyoitoa Redioni

Ndugu zangu wa Uvira na wa kando yote ya ziwa, nisikilizeni. Haya yalitokea kwa nyumba moja, lakini yangeweza kutokea kwangu au kwako.

Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru. Pale Mulongwe, katika nyumba ya Marcellin, karani wa posta, asubuhi zilikuwa njema. Mkewe Émérance alikaanga ndagala, samaki wadogo wa ziwa, binti yao Félicité alifagia uwanja, na redio ndogo ya betri ilisema juu ya kabati. Majirani walisimama dirishani kusikiliza ni njia gani inapitika na ipi ina vita, maana uasi ulikuwa umefika kwetu. Kila nyumba ilikuwa na vitu vilivyofungwa katika mashuka, tayari kwa kukimbia.

Marcellin alikuwa na shauku yake. Katika gazeti la ufundi lililoachwa na Mbelgiji mmoja, aliona mchoro wa bobini, koili ya kuwashia injini ya gari, inayorusha cheche ndefu kama kidole. Bobini alikuwa nayo, na betri pia. Alikosa transista ya kukata na kuachia umeme upesi upesi. Mbili alikuwa ameshaziunguza. Hakulala vizuri wala hakula vizuri, aliwaza cheche tu.

Akazipeleka Kavimvira kwa Donatien, fundi wa redio.

"Hizi ulizochoma ziko za kukuza sauti ya redio tu," Donatien alimwambia. "Ona, ndogo kama punje ya haragi! Bobini ukiikatia umeme, inarudisha teke la volti nyingi sana. Usiulize tu kama transista inaingia kwenye mchoro. Uliza inavumilia volti ngapi, na inabeba umeme kiasi gani. Unatafuta ile kubwa ya chuma, inafungwa na vise mbili, zile skurubu, juu ya bamba, joto lipate kutoka. Hapa haiko. Ngojea, wiki ijayo niko natuma muntu Bujumbura."

"Wiki ijayo? Minye siwezi kungojea!"

"Basi usiguse redio ya nyumbani. Zake nazo ziko ndogo."

Msomaji, aliambiwa waziwazi hivyo. Kesho yake, Émérance alipokwenda sokoni, Marcellin akafungua redio, akang'oa transista ya sauti, akaiunganisha na bobini. Cheche moja fupi ya buluu ikaruka. Akacheka peke yake. Mara akasikia harufu ya kuungua. Akagusa transista, ikamchoma kidole. Ilikuwa imekufa.

Majirani walipofika dirishani aliwaambia betri zimekwisha. Émérance akarudi kwa haraka.

"Baba Félicité, nimepata habari mama anaumwa sana kule Lemera. Kuna lori ya pamba inapanda upande wa Lemera, nataka kwenda na mutoto. Redio imesema nini?"

Marcellin aliona haya. Akaigeuza redio, uso ukatazama ukuta.

"Hakuna neno. Njia iko muzuri."

Wakaondoka.

Saa nne jirani yake Libérat akaja mbio. "Umesikia? Redio ya kwa Donatien inatangaza vita katika bonde lote! Njia ya Lemera imefungwa. Mama Félicité iko wapi?"

Marcellin aliacha mlango wazi. Alikimbia mpaka baryeri ya Kavimvira, kizuizi cha barabarani, askari wakamrudisha kwa vitako vya bunduki. Akaenda tena, wakamrudisha tena. Siku nane alizunguka kati ya baryeri na nyumba, hali, haketi, akimsimamisha kila mwenye mzigo kichwani: "Hamukuona mwanamuke na mutoto wa kike?"

Siku ya tisa wakafika. Mukarusanga, mwanamke mfugaji wa milimani, alikuwa amewakuta wamelala katika shamba la pamba, akawaficha kati ya ng'ombe zake mpaka risasi zikanyamaza. Félicité alikuwa mzima. Mkono wa kuume wa mama yake ulikuwa umevunjwa na risasi, umefungwa kwa vijiti. Na bibi kule Lemera alikuwa amezikwa bila binti yake kumwona.

Émérance alisimama mlangoni. "Weye ulijua njia iko mubaya?"

"Sikujua. Redio ilikuwa imekufa. Minye niliiua, nikaona haya kukuambia."

"Haya," akasema Émérance. "Mutoto wako alilala chini ya risasi sababu ya haya." Akampita, akaingia ndani.

Mkono ule ulipona umepinda, hauwezi kuinua ndoo. Tangu hapo ni Marcellin anayeshuka ziwani kuchota maji, asubuhi na jioni, kati ya wanawake. Wanaume humcheka njiani. Yeye hutwika ndoo yake na kupanda.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kupenda ufundi ni jambo jema, na hata fundi mkubwa huunguza vitu. Lakini sikiliza anayejua kuliko wewe, na ungojee kifaa kinachoweza kazi yake. Kitu kinacholinda watu wote wa nyumbani usikiharibu kwa tamaa yako peke yako. Na ukishakosa, sema siku ile ile, saa ile ile. Badala ya transista iliyoungua ingeweza kununuliwa nyingine. Neno moja la uongo, "njia iko muzuri," ndilo lililompeleka Émérance barabarani na mtoto mkononi.